Mpaka Samaki Aogelee

14 Januari

Kwako wifi,

Habari za huko, na saluni inaendeleaje? Huku tunashukuru, sote tunapumua, ingawa mgongo wangu umeanza visa vyake kwa sababu ya msimu wa sare. Shule zimefunguliwa na kila mzazi amekumbuka leo kwamba mtoto wake amerefuka tangu mwaka jana. Nimeinama kwenye cherehani mpaka shingo imesahau kazi yake.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Unajua mwenyewe, mimi na wewe kwenye simu hatumalizi dakika mbili bila kupandishiana sauti. Tena nyumba yako ni vyumba viwili na ukuta mwembamba, sitaki binti yangu asikie anavyojadiliwa. Kwenye karatasi angalau utanisikiliza mpaka mwisho.

Barua hii ikikufikia, na yeye atakuwa ameshafika. Daktari wa hapa ametuandikia twende hospitali ya huko kwako, kwenye kliniki ya vijana wanaoshindwa kuzuia hisia zao. Wana mashine ya kufundisha ubongo. Alinieleza mara mbili sikuelewa, nikaona haya kuuliza mara ya tatu. Wewe huna haya, utauliza.

Najua umeshasikia ya kusikia, bora usikie kwangu. Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka nilimwambia aondoe vitabu vyake mezani nipate kupiga pasi. Jambo dogo kama hilo. Akapandisha, nami nikapandisha, akaishika pasi akaitupa. Hakumlenga mtu, hilo nakula kiapo. Ilipiga ukuta, ikarudi, ikampata mdogo wake mkononi. Mfupa ulivunjika karibu na kiganja. Namshukuru Mungu nilikuwa sijaiwasha. Mdogo wake mwenyewe, kwa akili zake za miaka sita, ameigeuza plasta kuwa cheo na anataka tumwite Kamanda.

Ni kwa muda mfupi tu, muhula mmoja, labda na nusu. Anakula kila kitu isipokuwa maini. Ana miaka kumi na tano lakini usingizi wake ni wa mtoto mchanga, usimwamshe kwa kelele.

Ni mimi, wifi yako


9 Februari

Kwako wifi mwenye mkono wa sindano,

Salamu kwanza, nisije nikaambiwa sina adabu. Mimi mzima, saluni nzima, ila draya moja imekata roho na wateja wanakausha nywele kwa zamu huku wakinisema. Kamanda mwambie shangazi yake anampigia saluti.

Mzigo wako umefika. Alishuka kwenye basi amekunja uso utadhani kaletwa na polisi. Na urefu ule! Hukunionya. Nilikwenda kumpokea mtoto, nikajikuta namtazama mtu kwa kuinua kidevu. Siku za mwanzo alinijibu kwa mabega tu. Bega moja maana yake ndiyo, mawili maana yake niache.

Sasa hiyo mashine. Nilikwenda naye roho juu, nikidhani nitakuta kitu cha kuchomelea vyuma. Wala! Ni chumba kidogo chenye pazia la kijani, kiti cha kuegemea, kompyuta, na msichana mmoja mwenye sauti ya polepole ambaye sote tunamwita dada wa mashine. Anabandika kichwani vifungo vidogo vyenye waya, kwa jeli, na vingine masikioni. Nikamuuliza kwa niaba yako: unamtia umeme mtoto wa watu? Akacheka. Akasema hakuna kinachoingia, mashine inasikiliza tu, kama kipimajoto. Kwenye skrini kuna samaki wa katuni. Ubongo ukitulia, samaki anaogelea. Ukichafuka, samaki anazama mchangani na kukodoa macho. Mtoto haambiwi afanye nini. Anatazama, anajaribu hiki na kile, na kidogo kidogo kichwa chenyewe kinaijua njia ya kutulia. Ni Jumatatu na Alhamisi, na baada ya samaki anakaa na mshauri wanazungumza. Wamesema wazi kwamba si kidonge cha kumeza ukapona, na wapo ambao haiwasaidii.

Samaki wetu hajaogelea. Binti amesema yule samaki ni mjinga, aliyemchora ni mjinga, na mimi niliyempeleka ndiye kiongozi wao. Juzi amevunja glasi kwa sababu nilimuuliza kama ameshiba. Nimenunua vikombe vya plastiki, sasa tunakunywa chai kama watoto wa chekechea.

Ila kila tunapojiandaa kwa kliniki huwa namkalisha mkekani, magoti yangu huku na huku, namfumua, namchana, nampaka mafuta mpaka ngozi ya kichwa inang'aa, namsuka upya. Mtoto hawezi kutoka nyumbani kwa msusi na kichwa kama kiota, nitakosa wateja. Hapo ndipo hutulia, na maneno mawili matatu hutoka. Jana ameniuliza, "Mama atakuja lini?" Nimjibu nini?

Wako, wifi asiye na haya


2 Machi

Kwako wifi,

Nimechelewa kukujibu, usininunie. Sare zimeisha, sasa ni mashuka ya bweni zima. Huku hatujambo. Plasta imetolewa, mkono umetoka mwembamba na mweupe kama umechomolewa kwenye unga. Kamanda amelia, si kwa maumivu, ni kwa cheo kuondoka. Tumekubaliana abaki nacho. Siku hizi analala chumbani kwangu, amezoea.

Asante kwa maelezo ya mashine. Nimeyasoma mara nyingi. Nina swali na usinicheke. Hiyo mashine, kama inasikiliza ubongo, inasikia na mawazo? Yaani yule dada anaweza kujua mtoto anawaza nini kuhusu watu wa nyumbani kwao? Uliza kiupole, usiseme ni mimi.

Majirani nimewaambia amepata nafasi kwenye shule nzuri. Si uongo sana, maana shule anasoma.

Vikombe vya plastiki nitakurudishia vya glasi nikija. Kuhusu kuja, kazi ikipungua. Mwambie asome na asikujibu kwa mabega.

Wifi yako


30 Machi

Kwako wifi,

Hujambo? Kamanda hajambo? Mimi sijambo, ila nimeaibika, na nikikuhadithia utavunjika mbavu kabla hujafika mahali pa kulia.

Kwanza jibu lako. Mashine haisikii mawazo. Inasikia tu kama bahari imetulia au imechafuka, haijui nani ametupa jiwe. Lala.

Sasa sikia. Majuma yote haya samaki alikuwa hajaogelea hata nusu ya skrini. Anaanza vizuri, dakika chache tu, kisha anazama chubwi! Wiki iliyopita binti alishindwa kuvumilia. Alichomoa zile waya zote kichwani akazitupa, akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipomzika kaka yangu, baba yake. Akasema, "Hata mashine imenikataa." Nilibaki nimesimama na mkoba wangu kama niliyesahau njia ya kutoka.

Dada wa mashine hakukasirika. Aliziokota zile waya, akakitazama kifungo kimoja, akakipitishia kidole, akanusa. Akaniuliza kwa ile sauti yake, "Mama, mnatumia mafuta gani?" Nikamtajia kwa majivuno, maana nayachanganya mwenyewe. Akakaa chini. Kumbe vile vifungo vinataka ngozi kavu! Mwanzoni akipangusa na pamba vinashika, lakini kichwa kikipata joto kidogo mafuta yanapanda, vifungo vinateleza, na mashine inasikia kelele tupu. Samaki alikuwa anazamishwa na mimi! Miaka yote hii nasifiwa kwa mkono mzito wa mafuta, na huo mkono ndio uliokuwa unamwambia mtoto kwamba ubongo wake ni mbovu.

Nikamuuliza dada wa mashine, mbona hukusema? Akasema, "Nilimwambia yeye siku ya kwanza kabisa, na nikarudia. Alinijibu hampaki."

Sikumuuliza pale. Nilingoja tufike nyumbani, nikamkalisha mahali petu mkekani, nikamfumua. Nikamwambia, ulijua. Akasema alijua. Sasa kwa nini, mama yangu? Akasema, "Nilidhani nikikuambia usinipake, utaacha na kunishika kichwa. Nyumbani hakuna aliyenigusa tangu siku ile ya pasi."

Nayaandika hivyo hivyo alivyosema. Sijatia chumvi.

Tukaosha kwa sabuni ya kawaida, nikamsuka mikia minne mikavu, sura ya mtoto wa darasa la pili, na nikamwapia kwamba nitamshika kichwa hata kiwe kikavu kama tofali. Alhamisi samaki aliogelea, wifi. Alitoka upande huu mpaka ule, akageuka, akarudi. Binti alicheka peke yake kwenye kiti. Nami nikalia nyuma ya pazia la kijani, dada wa mashine akanipa pamba yake.

Jana nikiwa namchana ameniuliza neno lingine. "Shangazi, mama ananiogopa?" Nilimwambia aache maneno hayo. Najua si jibu, na yeye anajua si jibu. Niandikie nimwambie nini, na uniandikie mapema.

Wifi yako


11 Mei

Kwako wifi,

Natumaini mko salama. Huku tuko salama. Mashuka yamekwisha, sasa ni mapazia ya ukumbi.

Nimefurahi kuhusu samaki. Msalimie dada wa mashine.

Nimemshonea binti gauni, nimelituma pamoja na barua hii. Ni kitambaa kile cha bluu alichokuwa anakitaka mwaka jana nikamwambia ni cha wateja. Pindo la chini nimeacha kubwa ili liweze kushushwa. Kamanda anamsalimia, amemchorea samaki lakini anafanana na kiatu.

Nina haraka kidogo leo. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Wifi yako


24 Mei

Kwako fundi,

Salamu nimezipokea, gauni limefika, samaki-kiatu amebandikwa ukutani juu ya kitanda.

Gauni ni zuri, mikunjo imelala kama ilivyoamriwa. Linambana mabegani. Umeshona kwa vipimo vya mwaka jana, na pindo uliloacha lilikuwa la urefu, hukukumbuka kwamba mtu hukua na upana. Analivaa hivyo hivyo. Nikimwambia nilipeleke likafumuliwe anasema likae.

Nilikuuliza swali, wifi. Umenijibu kwa mita tatu za kitambaa. Wewe ni mke wa kaka yangu na nakupenda, lakini siku nyingine ukitaka kunyamaza, nyamaza bila kupoteza bluu nzuri.

Haya, nimeshatoa la moyoni, sasa nikupe habari njema. Juzi Jumamosi saluni ilijaa. Binti huwa ananisaidia kuosha nywele. Mteja mmoja, mama mwenye mdomo usio na kitasa, akamwambia mbele ya watu, "Wewe ndiye yule mwenye kichaa cha hasira?" Sijui nani alimwambia. Hata redio niliona kama imeshusha sauti. Binti alikuwa ameshika jagi la maji ya moto.

Nilimtazama mabega. Yalipanda. Nikaona vidole vimekaza kwenye mpini. Halafu akaliweka lile jagi sakafuni, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akasema, "Samahani, narudi," akatoka mlango wa nyuma. Nikamfuata baadaye kidogo nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho yamefumbwa. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Namtafuta samaki." Nikamuuliza umempata? Akasema, "Alikuwa anazama, nikamwona mapema." Kisha akarudi ndani akamalizia kichwa cha yule mama, tena kwa maji ya vuguvugu! Ningekuwa mimi ningemwacha na povu.

Mshauri amesema hilo ndilo walilokuwa wanalitafuta. Hawaiondoi hasira, wanamfundisha kuiona ikiwa bado iko mbali. Anasema mwishoni mwa Julai atakuwa amemaliza mafunzo na anaweza kurudi nyumbani, akiendelea na mshauri wa huko.

Lakini hakuna haraka. Shule ya hapa ni nzuri na walimu wamemzoea. Wewe una kazi nyingi. Kwa kweli hakuna haraka.

Wifi yako


20 Juni

Kwako wifi yangu,

Hujambo? Mimi nipo. Kamanda ameng'oka jino, amelificha na hataki kutuambia lilipo.

Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana. Leo nimefunga mlango, nimezima cherehani, naiandika mpaka mwisho.

Ndiyo. Namwogopa.

Namwogopa mwanangu niliyemzaa mwenyewe. Tangu siku ile mkasi mkubwa na pasi huwa navifungia sandukuni kazi ikiisha, na bado navifungia ingawa hayupo. Kamanda hakuzoea kulala chumbani kwangu, mimi ndiye niliyemhamisha. Wiki zile kabla hajaja kwako nilikuwa nikimsikia anatembea ukumbini nasimamisha mguu kwenye cherehani nisikilize hatua zake ni za namna gani. Nilikuwa nampa sahani kwa kuisukuma mezani. Alivyosema kwamba hakuna aliyemgusa, amesema kweli. Mkono ulikuwa unataka, wifi, unafika katikati unarudi. Na siku basi lilipoondoka nilimpungia, nikageuka, nikashusha pumzi. Nikaona wepesi. Mama gani anaona wepesi mwanawe akiondoka? Ndiyo sababu sijaja. Si mashuka wala mapazia. Nilikuwa naogopa kwamba nikimwona atalisoma usoni, na yeye tangu mdogo ananisoma kama gazeti.

Nampenda kuliko hii pumzi. Hivi vitu viwili vimekaa ndani yangu kimoja juu ya kingine na sijui kipi nikitoe kwanza. Usimwambie. Nakuomba.

Sasa na mimi nikuguse wewe kidogo, maana si mimi peke yangu ninayenyamaza humu. Katika barua ile umeniambia "hakuna haraka" mara mbili, na "shule ya hapa ni nzuri" juu yake. Mimi ni fundi, najua mtu anapokunja kitambaa kuficha doa. Unataka kumbakiza. Sikulaumu. Huenda hata ni haki yako, wewe ndiye umemshika kichwa. Ila uniambie kwa mdomo wako, nisije nikaamka siku moja nikakuta imeshaamuliwa.

Wifi yako


6 Julai

Kwako wifi yangu wa pekee,

Salamu nyingi kuliko kawaida. Barua yako niliisoma saluni, nikamwacha mteja nusu kichwa kimesukwa na nusu kimesimama, nikaenda uani. Akinidai, nitamtuma kwako.

Nianze na la kwangu ili tusiwe na deni la maneno. Ndiyo, nilitaka abaki. Mimi sikujaliwa mtoto, unajua, na nyumba hii imekuwa na kikombe kimoja kwa miaka mingi. Amenizoesha kusikia mtu akifungua friji bila ruhusa. Nikiona anaendelea vizuri nilikuwa nafurahi kwa jicho moja, jingine linahesabu siku. Nilijiambia namfikiria yeye na nakufikiria wewe. Nilikuwa najifikiria mimi. Basi, nimesema.

Sasa la pili, na hapa utanikasirikia. Nimemwambia.

Uliniomba nisimwambie, na nimemwambia. Siku ile ile tulikaa mkekani na akaniuliza tena, kwa mara ya sijui ngapi, na mimi nikawa nimeshika kitana na kichwa chake mikononi, na nikaona kwamba nikidanganya hapa, mahali hapa petu, sitakuwa na pa kumshika tena. Nikamwambia, "Ndiyo. Mama yako anakuogopa, na anakupenda, na anaona aibu kwa vyote viwili."

Nilisubiri mabega yapande. Niliviondoa kwa macho vitu vyote vya kuvunjika chumbani. Hakufanya lolote. Nilimsikia anavuta pumzi tu, ndefu, halafu nyingine. Kisha akasema, "Kwa hiyo si kwamba hanitaki."

Wifi, ndicho alichokuwa anadhani! Kutoka Januari hadi juzi mtoto huyu amekaa kwangu akiamini umemtupa. Kwake yeye, kuogopwa ni nafuu. Alisema, "Nikijiogopa mwenyewe nitashangaa mama akiniogopa? Siku ile ya pasi hata mimi ningejikimbia." Halafu akalala magotini pangu mchana kweupe, urefu wake wote ule, miguu imefika mlangoni, nami nikakaa pale mpaka ganzi ikanishika.

Alipoamka akaniambia nikuandikie hivi, kwa maneno yake: "Mwambie mama aje akiwa na woga wake hivyo hivyo. Asiuache nyumbani akajifanya hana, nitajua."

Mafunzo yanaisha tarehe ishirini na sita. Njoo mwenyewe. Usimtume mtu.

Wifi yako anayekungoja, na anayekuogopa kidogo pia kwa nilivyovunja ombi lako


25 Agosti

Kwako wifi,

Tangu tulipoachana pale stendi sijakuandikia, na nilivyokuona unapunga kitambaa ukijitia unafuta jasho, nilijua unangoja barua kabla basi halijawasha moto. Nisamehe. Nilitaka kwanza nione kama nina cha kuandika ambacho si uongo.

Hatujambo. Kamanda amempa dada yake jino, kumbe alikuwa amemwekea yeye. Mshauri wa hapa ni mzee mmoja mpole, hana mashine, ana kiti na saa tu, lakini binti anasema anafaa.

Sina hasira tena kwamba ulimwambia. Nilikasirika siku mbili. Kisha nikapanga nguo.

Nilivyomkumbatia pale kwako uliona. Nilimkumbatia kwa mkono mmoja, wa pili nikaushikiza mkoba, na mkoba haukuwa na uzito wowote. Yeye aliona pia. Kwenye basi akanitazama akaniuliza, kama anayeuliza kama nina njaa, "Mama, leo unaniogopa?" Abiria wa mbele akageuza kichwa. Nikataka kumwambia aache. Nikakumbuka wewe na kitana chako. Nikamwambia, "Ndiyo. Si sana." Akasema, "Sawa," akatoa mahindi akanimegea.

Basi ikawa ndiyo salamu yetu. Kila asubuhi, kabla ya chai, ananiuliza, "Mama, leo unaniogopa?" na mimi nimekula kiapo kumjibu kweli. Siku nyingine namwambia hapana. Siku nyingine namwambia kidogo, na anauliza kwa nini, na namwambia: jana uliufunga mlango kwa nguvu, moyo uliruka. Anasema ulikuwa upepo. Namwambia najua, lakini moyo haukujua. Wifi, hata na marehemu kaka yako sikuwahi kuzungumza hivi.

Usidhani kila kitu ni asali. Wiki ya pili tuligombana kuhusu simu, akapiga meza mpaka bobini za nyuzi zikamwagika chumba kizima. Nilirudi nyuma mpaka ukutani, sikuweza kujizuia. Akaniona nilivyorudi. Akakunja mikono yake kwapani, akatoka, akakaa kizingitini akiwa amenipa mgongo. Nikasimama pale nikipigana na miguu yangu. Mwisho nikaenda nikakaa nyuma yake, nikamwekea mkono kichwani. Kilikuwa cha moto kama cha mtoto mwenye homa. Kisha tukaingia kuokota bobini, sote watatu, na Kamanda akatoa amri.

Pasi sasa inakaa mezani. Mkasi bado naufungia, na nimemwambia kwamba naufungia. Alisema, "Fungia tu mpaka utakapotaka."

Likizo ya Desemba anakuja kwako. Amesema nikuambie si ombi, ni taarifa, na ununue vikombe vya glasi. Na mwaka ujao na likizo zote zinazofuata. Wifi, ni binti yetu. Nilichelewa kuliandika hilo, naliandika leo.

Leo asubuhi alichelewa kuamka. Alitoka chumbani anakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akanywa chai akiwa wima, akagombana na Kamanda kuhusu nani amemaliza sukari, akanibusu hapa kwenye shavu, akaenda zake shule. Nilibaki nimesimama na jibu langu mdomoni. Nilikuwa nimeliandaa, na lilikuwa "hapana."

Amesahau kuniuliza.

Wako, mama wa binti yetu